Digrii mbili za sekyuriti kwa mpigo: angalia kwanza krediti zinazohesabiwa mara mbili

Siku hizi ukipitia matangazo ya vyuo vyenye idara ya kompyuta hukosi kukuta hii: soma miaka mitano, toka na digrii ya kwanza na ya pili za usalama wa mtandao kwa mpigo. Pembeni kuna picha ya kijana mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, maana bila hiyo tangazo halijakamilika. Wanafunzi na wazazi wakiliona wanauliza yale yale, ada kiasi gani, GPA inatakiwa ngapi, mshahara wa kuanzia ukoje. Maswali ya haki kabisa, ila lile lenye uzito kuliko yote halimo: kozi gani hasa zinahesabiwa mara mbili? Mpango mzima umesimama juu ya hizo kozi tatu au nne, na ukizijua umeshajua kama unapewa digrii mbili kweli au unapewa digrii moja na robo yenye vyeti viwili.

Tuanze na hesabu. Marekani, ambako mtindo huu umeenea sana, digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 na ya pili ni 30 au zaidi kidogo. Ukizisoma kila moja kivyake unafika 150. Kwenye mpango wa pamoja chuo kinakuruhusu uanze kozi za uzamili ukiwa bado mwaka wa nne, mara nyingi krediti 9 mpaka 12, yaani zile kozi tatu au nne, na hizo zinaingia kwenye digrii zote mbili, kwa hiyo jumla inashuka mpaka 138 hivi. Basi, siri yote ndo hiyo. Hakuna muujiza wowote wa kusoma haraka, unachookoa ni krediti 12, yaani kazi ya muhula mmoja, pamoja na usumbufu wa kuomba upya na mtihani wa kujiunga ambao vyuo vingi vinawasamehe wanafunzi wao wenyewe. Uingereza wamepita njia nyingine, wana digrii inaitwa MEng au MSci ambayo uzamili umo ndani yake toka siku ya kwanza, kawaida miaka minne. Nchi zilizofuata makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999 zimegawa ngazi mbili, krediti 180 au 240 za kwanza halafu 60 mpaka 120 za pili (ni krediti za Ulaya, kipimo chake si sawa na cha Marekani), na mtu anaamua katikati kama anaendelea. Ubanaji wa muda unatofautiana, swali la kilichobanwa ni lile lile kila mahali.

Turudi kwenye hizo krediti 12. Idara nyingi zina kozi zenye namba mbili, namba moja ya wanafunzi wa digrii ya kwanza na nyingine ya uzamili, chumba kimoja, mwalimu mmoja, slaidi zile zile, tofauti yake ni kwamba wa uzamili anaandika ripoti ya ziada mwisho wa muhula. Si dhambi, idara ndogo haina walimu wa kufungua madarasa mawili. Lakini kama kozi zako zote za kuhesabiwa mara mbili ni za namna hiyo, kilichoongezeka kichwani mwako ni ripoti tatu au nne. Halafu unafika mwaka wa tano unakutana na kozi ya usalama wa mitandao ya ngazi ya juu ambayo nusu yake ni marudio ya ulichosoma mwaka wa tatu, tena kwa mwalimu yule yule, kwa sababu darasani kuna watu waliotoka vyuo vingine na wengine hawakuwahi kusoma kompyuta, mwalimu inabidi aanzie chini ili wote waelewe. Aliyetoka nje ananufaika. Wewe uliyekuwepo hapo hapo ndo unalipia kusikiliza kwa mara ya pili.

Nitoe mfano ambao kila aliyepita kwenye kozi ya sekyuriti ataukumbuka, maabara ya kufurika kwa bafa. Kuna programu fupi ya lugha ya C, imetenga nafasi ya herufi mia hivi, inapokea maandishi bila kupima urefu wake. Unaiandikia zaidi ya nafasi iliyopo, maandishi yanamwagika mpaka yanafunika anwani ya kurudi, na programu badala ya kurudi ilikotoka inaruka kwenda kutekeleza maagizo uliyoyapenyeza wewe. Mazoezi yanayotumika sana duniani kwa hili ni yale ya SEED, yaliyoanzishwa na profesa Wenliang Du pale Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 2002, na yametengenezwa vizuri sana. Ila angalia hatua za mwanzo za zoezi. Kabla hujashambulia chochote unazima kinga tatu: unaweka 0 kwenye randomize_va_space ili anwani za kumbukumbu zisichanganywe, unakompaili kwa -fno-stack-protector ili kile kizuizi kinachonusa kufurika kisiwepo, na unaongeza -z execstack ili maagizo yaliyomwagwa kwenye staki, yaani sehemu ya kumbukumbu yenye ile nafasi, yakubaliwe kutekelezwa. Baada ya hapo shambulio linapita, skrini inakupa ile alama ya # ya mwenye mamlaka yote, darasa linashangilia.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ni zoezi zuri mno, limemwonyesha kwa macho kumbukumbu ya kompyuta imekaaje. Lakini kompyuta za leo huko nje zina kinga hizo zimewashwa, zoezi lenyewe mwishoni linakurudisha kwenye kinga hizo moja moja, na hapo ndipo muhula wa watu wengi unakuwa umeisha. Kozi ya uzamili inatakiwa ianzie hapo. Washa zote tatu, haya sasa pita. Itabidi kwanza uvujishe anwani moja kutoka ndani ya programu, upige hesabu maktaba ya mfumo imekaa wapi, halafu uunganishe vipande vya msimbo vilivyomo tayari ndani ya programu yenyewe kwa sababu wa kwako haukubaliki tena kutekelezwa. Hizo ni wiki kadhaa za kukesha na kitatua hitilafu, unaona rejista zinabadilika namba moja moja, unakosea baiti nane unaanza upya, na ni humo humo mtu anaelewa kwa nini kinga ziliwekwa na zinavunjikia wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia idara fulani ina mwaka wa tano mzuri mimi nauliza swali moja tu: maabara yao ya mwaka huo, kinga zimezimwa au zimewashwa?

Tatizo hilo la bafa si geni hata kidogo. Ile programu ya Robert Tappan Morris iliyojisambaza kwenye intaneti tarehe 2 Novemba 1988 ilipita pamoja na njia nyingine kwa kufurika kwa namna hii hii kwenye fingerd, huduma ya kuulizia habari za watumiaji wa kompyuta nyingine, na Morris alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa masomo ya juu pale Chuo Kikuu cha Cornell. Wakati huo hakukuwa na digrii ya sekyuriti ya kwenda kusomea. Alikuwa anaujua mfumo endeshi wa Unix ndani nje, basi.

Na hapo ndo ugomvi wangu mkubwa na mpango wa sekyuriti juu ya sekyuriti. Sekyuriti inakaa juu ya vitu vingine, mifumo endeshi, mitandao, hifadhidata, programu, hisabati ya namba. Chuo kikitaka kuuza digrii ya kwanza yenye jina la usalama wa mtandao lazima kijaze kozi zenye jina hilo kwenye ratiba, mwanafunzi anataka kuona udukuzi mwaka wa kwanza, na muda ni ule ule, kwa hiyo kinachokatwa ni msingi. Unakuta mtu ana kozi mbili za sera na usimamizi wa hatari lakini hajawahi kuandika hata kipangaji kidogo cha michakato, kile kinachoamua programu gani ipate zamu ya prosesa. Mwongozo wa mitaala wa CSEC2017, uliotungwa na vyama vya kitaaluma vya kompyuta, unataja maeneo manane: data, programu, vijenzi, miunganiko, mifumo, binadamu, taasisi na jamii. Ni picha nzuri ya upana, hakuna ubishi. Ila maeneo manane ndani ya miaka minne yanaweza kukupa mtu aliyeonja kila kitu na hajashiba hata kimoja, halafu mpango wa pamoja unamwongezea mwaka mmoja wa kuonja tena.

Kumbuka kisa cha XZ cha Machi 2024. Mlango wa siri ulipenyezwa kwenye maktaba ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, aliyeupenyeza alishajijengea uaminifu kwa wenye mradi kwa muda mrefu, ulikuwa umebaki kidogo uingie kwenye matoleo ya kawaida ya Linux duniani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa anapima kasi, akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, ile njia ya kuingia ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inatumika kuliko inavyotakiwa, akaona hapana, hii si bure, akafuatilia mpaka chini. Kazi yake ilikuwa hifadhidata, na kilichomsaidia ni kujua mfumo ulio mzima unatembeaje. Nusu sekunde! Mtu aliyefundishwa vifaa vya kudukua peke yake angeweza kuipita kila siku bila kushtuka.

Kwa hiyo ukiniuliza mchanganyiko gani ni bora nitakwambia digrii ya kwanza chukua sayansi ya kompyuta, au hisabati, au uhandisi wa umeme na elektroniki, halafu ya pili ndo iwe ya usalama wa mtandao. Vyuo vingi vyenye mpango wa pamoja vinaruhusu kuvuka idara hivyo, ila tangazo halikuelezi maana kila idara inavutia kwake. Aliyetoka hisabati atapata tabu na Linux miezi ya mwanzo, aliyetoka sayansi ya kompyuta atatoka jasho kwenye kriptografia, ile hisabati ya kuficha ujumbe, na hiyo tabu ndo dalili kwamba mwaka wa tano unawaongezea kitu. Mwenye sekyuriti juu ya sekyuriti anaupita bila kusumbuka, na ada analipa ile ile.

Kwa walioko Marekani kuna kipimo kingine kidogo. NSA, shirika la ujasusi la serikali, lina mpango wa kutambua vyuo vyenye ubora kwenye usalama wa mtandao toka mwaka 1999, na vyuo vinapenda sana kuweka ile nembo juu ya ukurasa. Lakini utambulisho wenyewe una aina tofauti. Ule wa ulinzi wa mtandao ni mpana na vyuo vingi vinao. Ule wa operesheni za mtandao wanao wachache, na unalazimisha mwanafunzi apite kwenye lugha za programu za ngazi ya chini, uchambuzi wa programu bila msimbo wake wa asili, nadharia ya mifumo endeshi, mitandao. Kuona nembo hakutoshi, soma ni ya nini. Uingereza nao wana NCSC, kituo cha serikali cha usalama wa mtandao, ambao wanathibitisha digrii moja moja, zikiwemo hizi za pamoja, na kwa maoni yangu huo ni utaratibu mzuri zaidi kwa sababu kinachopimwa ni digrii yenyewe.

Nisionekane nauponda mwaka wa tano. Upo unaofaa sana, na mfano mzuri kwa sasa ni kriptografia ya kujikinga na kompyuta za kwantamu. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walitoa viwango vitatu, FIPS 203, 204 na 205, na kazi ya kuhamisha mifumo ya dunia nzima kwenda huko imeanza. Mtu anaweza kudhani ni kubadilisha maktaba moja ya programu kwa nyingine. Sasa tazama: ufunguo wa umma wa X25519, njia ya kubadilishana funguo tuliyoizoea, ni baiti 32. Ule wa ML-KEM-768, njia mpya ya FIPS 203, ni baiti 1,184. Ukiziweka zote mbili pamoja, kama vivinjari vinavyofanya, ule ujumbe wa kwanza wa kuanzisha muunganiko salama ambao siku zote ulitosha kwenye pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data, unagawanyika mara mbili, na huko njiani kuna vifaa vilivyotengenezwa na watu walioamini daima utakuja kwenye pakiti moja, vinaukata, tovuti haifunguki na hakuna anayejua kwa nini. Kulielewa tatizo hili unahitaji aljebra ya latisi, ambayo ML-KEM imejengwa juu yake, ili ujue ufunguo umekuwa mkubwa kwa sababu gani, unahitaji mitandao ili ujue pakiti inagawanyikaje, na unahitaji subira ya kukamata pakiti na kuzisoma moja moja. Mwanafunzi wa mwaka wa nne hana vyote hivyo kwa pamoja. Wa mwaka wa tano akisimamiwa vizuri anaweza kuandika tasnifu nzima hapo, na hiyo ni tasnifu ambayo mwajiri ataisoma.

Ndo maana mpango wa pamoja usiokuwa na tasnifu wala mradi mkubwa mimi siuelewi. Vyuo vingi vinatoa chaguo la kozi tupu, kozi kumi umemaliza, kwa sababu tasnifu inachelewesha na kuchelewa kunaharibu tangazo la miaka mitano. Sasa kama ni kozi tupu na nne kati ya hizo ulishazisoma mwaka wa nne, umebakiza sita. Sita za nini?

Tuje kwenye ajira, maana wengi wanachukua uzamili kwa kuikimbia kuliko kuifuata. Takwimu inayotajwa kila mahali ni ya ISC2, chama cha wataalamu wa usalama wa mtandao, mwaka 2024 walisema dunia ina upungufu wa wataalamu wapatao milioni 4.8. Vyuo wanaipenda takwimu hii sana. Ila kinachopimwa pale ni watu ambao taasisi zingehitaji ili zijilinde ipasavyo, nafasi zilizotangazwa na kutengewa mishahara ni habari nyingine kabisa, na ripoti ile ile ilieleza kwamba ukosefu wa bajeti ndio umekuwa sababu kubwa ya kutoajiri. Kijana anasoma milioni 4.8 anaona milango iko wazi, anamaliza anakuta kila tangazo la kazi ya kuanzia linataka uzoefu wa miaka mitatu. Digrii ya pili haizibi hilo pengo. Cheti cha CISSP ambacho waajiri wengi wanakitaja kinahitaji uzoefu wa miaka mitano kwenye angalau maeneo mawili kati ya manane ya cheti hicho, digrii inakupunguzia mwaka mmoja, na mwaka huo ni mmoja tu hata ukiwa na digrii mbili au tatu.

Kwa nini uzoefu unashikiliwa hivyo? Keti na mtu wa zamu kwenye kituo cha ufuatiliaji wa mashambulizi utaona. Inaingia arifa: akaunti moja ya Windows imeshindwa kuingia mara elfu kadhaa usiku, tukio namba 4625 limejaza skrini. Kitabuni hilo ni shambulio la kubahatisha nywila. Mtaalamu mpya mwenye uzamili anapandisha kesi, anaamsha watu. Aliyekaa pale mwaka mzima anaangalia vitu viwili vitatu kwanza, majaribio yanatoka kwenye seva ya ndani, yanapishana kwa dakika zile zile, na akaunti ni ya huduma, hakuna binadamu anayeitumia. Mtu alibadilisha nywila Ijumaa jioni akasahau kuna skripti ya kunakili data inatumia ile ya zamani. Imeisha. Halafu siku nyingine zinakuja 4625 arobaini tu kutoka sehemu mbalimbali, zinafuatiwa na 4624 moja, maana yake kuna aliyefanikiwa kuingia, na hiyo ndo inamfanya aache chai yake. Kutofautisha hizo mbili hakuna mtihani wa darasani unaokupa, unakuja kwa kuona mtandao mmoja siku baada ya siku mpaka unajua kawaida yake.

Na ukiangalia majanga makubwa mengi hayakuhitaji ujuzi wa ajabu kuyazuia. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, mwaka 2017, data za watu milioni 147, kiraka cha kuziba tundu kwenye Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, kilishatoka mwezi Machi na wavamizi wakaingia Mei kupitia seva ambayo haikuwekewa, na kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwa hakioni kitu kwa miezi mingi kwa sababu cheti chake cha usalama kilikwisha muda. Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, 2021, akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena, haina uthibitisho wa pili, na wavamizi wakalipwa dola milioni 4.4. Hizo ni kazi za kuorodhesha mali ulizonazo na kufunga zisizotumika. Mwaka mmoja wa kazi ya kuendesha seva unakufundisha hilo vizuri kuliko muhula wowote wa uzamili, samahani kwa wahadhiri.

Sasa digrii ya pili inahesabika wapi? Panapohesabika panajulikana. Serikali ya Marekani inapanga ngazi za mshahara kwa digrii, wa digrii ya kwanza anaanzia GS-5, au GS-7 akiwa na matokeo mazuri, mwenye uzamili anaweza kuanza GS-9. Utafiti na ualimu wa chuo, huko huwezi kukwepa. Timu za kriptografia na uchambuzi wa programu hasidi zinaangalia tasnifu. Mgeni anayetaka kubaki Marekani anajua kwamba kwenye bahati nasibu ya viza za kazi za H-1B kuna nafasi 20,000 za ziada kwa waliopata uzamili ndani ya nchi hiyo. Na kuna ule ufadhili wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa usalama wa mtandao, CyberCorps, ulioanza mwaka 2000, unalipiwa mpaka miaka mitatu, na mpango wa pamoja unaingia humo vizuri kabisa, halafu unaitumikia serikali muda sawa na uliofadhiliwa. Ni mpango mzuri ila una ncha: usipotumikia, ufadhili unageuka mkopo. Januari 2025 serikali ya shirikisho ilisimamisha ajira, na waliokuwa wanamaliza wakajikuta wanadaiwa utumishi kwa mwajiri ambaye amefunga mlango. Mtu asaini akijua hilo.

Pesa nayo ina mitego yake. Marekani msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wenye kipato kidogo, ni wa wanafunzi wa digrii ya kwanza tu, siku chuo kinapobadilisha hadhi yako kuwa wa uzamili unakatika, na ada ya kila krediti mara nyingi inapanda. Siku hiyo ni lini? Vyuo vingine ni ukimaliza krediti 120, vingine mapema zaidi. Kwa hiyo kozi ile ile inaweza kukugharimu tofauti kutegemea karani amekuandika upande gani. Uingereza ni kinyume, digrii ya pamoja inalipiwa na mkopo wa digrii ya kwanza miaka yote, hiyo ni nafuu kubwa, ila ukija kutaka uzamili mwingine baadaye mkopo wa uzamili hupati, tayari unahesabiwa unao.

Halafu kuna mlango wa kutokea. Ulizia digrii ya kwanza inatunukiwa lini, mwisho wa mwaka wa nne au zote mbili pamoja mwisho kabisa? Hili dogo linaumiza watu. Kama zinatoka pamoja na wewe mwaka wa tano umeugua, au umepata kazi nzuri, au umechoka tu, umekaa miaka minne na nusu na mkononi huna hata cheti kimoja mpaka uombe kutolewa kwenye mpango na karatasi zako zipangwe upya. Kwa mwanafunzi wa kigeni Marekani ni zaidi, kibali cha kufanya kazi baada ya masomo ni miezi 12 kwa kila ngazi ya digrii, pamoja na 24 ya nyongeza kwa masomo ya sayansi na teknolojia, na aliyetunukiwa zote kwa mpigo anaweza kujikuta ametumia nafasi moja badala ya mbili. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuulizwa, si idara.

Kitu ambacho matangazo hayasemi na mimi ningekiweka mstari wa kwanza ni likizo. Waajiri wengi wanachukua wanafunzi wa mafunzo kazini kwa sharti moja, awe anarudi chuoni baada ya likizo. Aliyemaliza digrii ya kwanza mwezi wa tano amekosa sifa hiyo, anashindania ajira kamili na watu wenye uzoefu. Wewe wa mpango wa pamoja una likizo moja zaidi ya mwenzako, kati ya mwaka wa nne na wa tano, na unaingia ukiwa na maarifa ya mtu anayekaribia kumaliza lakini bado una hadhi ya mwanafunzi. Ukiitumia kwenye kituo cha ufuatiliaji au timu ya kupima mifumo, hiyo miezi mitatu inaweza kuwa na thamani kuliko zile krediti 12 zote. Ukiitumia kusoma kozi za likizo ili umalize haraka, umeuza kitu kizuri kuliko vyote ulivyopewa.

Wapo watakaosema ukianza kazi hurudi tena shule, bora umalize moja kwa moja. Zamani ningekubali bila kubisha. Sasa hivi kuna uzamili wa kusoma jioni kwenye intaneti, chuo cha Georgia Tech cha Marekani walifungua wao wa usalama wa mtandao Januari 2019 kwa gharama isiyofika dola 10,000, na vyuo vingine vimefuata. Mtu anafanya kazi mchana, usiku anasoma, na akisoma kuhusu usimamizi wa vitambulisho ana mfumo halisi wa kuulinganisha nao. Inachukua miaka miwili mitatu, usingizi unapungua, ila wengi mwajiri anawachangia ada. Kwa anayetaka kwenda kwenye kazi za uendeshaji mimi naona njia hii inaishinda ya pamoja. Kwa anayetaka kriptografia, utafiti au kuchambua programu hasidi, abaki chuoni amalize.

Anayebaki awahi. Maombi ya mpango wa pamoja kawaida yanafunguliwa mwaka wa tatu, GPA ya 3.0 au zaidi kwa mizani ya Marekani ya 4.0, na watu wanakimbilia kujaza fomu halafu kozi wanachagua baadaye. Anza na kozi. Omba ratiba ya mwaka wa tano ya miaka miwili iliyopita, usikubali ile ya kwenye katalogi maana katalogi ina kozi ambazo hazijafundishwa toka aliyezitunga astaafu. Tafuta mtu mmoja anayemaliza sasa hivi umuulize alisoma nini kwa mara ya kwanza mwaka ule. Na ufanye hivyo kabla ya usajili wa mwaka wa nne, kwa sababu kozi ikishaandikwa kwamba ni ya digrii ya kwanza peke yake vyuo vingi havikubali kuigeuza, hata kama ulikaa darasa moja na wa uzamili na ripoti yao ukaiandika.